Friji ya Mbuthia na Bolti za Zedekiah Ondiek

Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu kuanzia adhuhuri, matope hadi kizingitini. Stima ilipotea kabla ya chakula cha mchana, baada ya transfoma ya upande wa soko kulia kama bunduki, na hapa mtaani Jericho kila mtu alitoka nje kumwuliza jirani kama na kwake imepotea.

Mtu mmoja tu hakutoka. Zedekiah Ondiek, fundi, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuwa amelala chali ndani ya Land Cruiser ya watalii iliyoegeshwa karibu na kamba ya nguo, miguu yake ikining'inia nje ya mlango wa nyuma. Alikuwa akikaza nati.

Ili yaliyompata Jumamosi yaeleweke, inafaa kwanza nimweleze yeye mwenyewe.

Zedekiah alizaliwa humu humu Jericho, katika nyumba hii hii anayoishi, wakati baba yake alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la jiji. Siku moja ya Krismasi, Zedekiah akiwa mtoto wa shule ya msingi, familia nzima ilifumba macho kuombea chakula. Mtu akaingia jikoni akaiba sufuria ya kuku. Hakuchukua sufuria peke yake. Aliinyanyua pamoja na jiko lililokuwa chini yake, makaa yakiwaka. Baba yake Zedekiah alikuwa mtu wa maombi marefu. Walipofumbua macho na kusema amina, kuku alikuwa ameshaanza kuliwa mtaa mwingine.

Zedekiah husema siku hiyo ndiyo aliyopata wito. Wengine huitwa kuhubiri. Yeye aliitwa kufunga.

Alipokua akajifunza kuchomelea vyuma na kushughulikia umeme wa magari, lakini sifa yake ni bolti. Akishakaza nati, huiponda ncha ya bolti kwa nyundo mpaka itanuke kama uyoga, na nati haina tena njia ya kutoka. Kisha hupangusa mikono na kutamka maneno yaliyo yake: "Nilichofunga mimi, atakifungua Yesu akirudi."

Na ni kweli. Spika za kanisa letu alizifunga ukutani. Kanisa lilipohamia jengo jipya, spika zilibaki, na sasa wapangaji wa jengo la zamani, watu wa mitumba, huzitumia kutangaza suruali. Mama mmoja wa mlango wa mkabala, Kageha, alimwomba amfungie mtungi wa gesi usiibwe. Zedekiah aliujengea kizimba cha nondo. Gesi ilipoisha, mtungi haukuweza kutoka kwenda kujazwa. Mpaka leo Kageha hupikia makaa kando ya mtungi huo, na wageni wakiuliza huwaambia ni pambo.

Mkewe, Benta, hushona sare za shule. Cherehani yake imefungwa sakafuni katika pembe ya giza nyuma ya mlango, pale ilipowekwa kwa muda siku waliyoinunua. Amekuwa akiomba isogezwe dirishani tangu binti yao Winny akiwa chekechea. Winny sasa ni muuguzi.

Winny ndiye aliyeleta hilo gari. Tuseme hivi: Winny alimleta Mbuthia, na Mbuthia akaleta gari. Mbuthia ni kijana wa mtaa wa Fedha, mpole, anayepeleka wageni mbugani kwa gari lake mwenyewe. Familia yake ilipanga kuja Jericho Jumamosi ile kujitambulisha kwa mara ya kwanza, na yeye, kama kijana mwenye akili, akaona njia nzuri ya kumpendeza baba mkwe ni kumpa kazi. Jumatano alileta Land Cruiser na friji mpya, ile ya kubebeka, inayofunguka kwa juu kama sanduku la nguo.

"Baba, nataka tu ikae nyuma pale katikati ya viti," alisema. "Barabara za huko ni mbaya. Isitikisike."

"Isitikisike?" Zedekiah alimwangalia kama mtu aliyetukanwa. "Kijana wangu, gari litatikisika. Wageni watatikisika. Friji haitatikisika."

Akaanza kazi siku hiyo hiyo. Alichomelea sanduku la chuma nene, akalifunga kwenye sakafu ya gari, akaweka ndani yake betri ya pili ya kuendesha friji. Friji yenyewe ingekaa juu ya sanduku, bolti zikipita chini hadi ndani, mahali ambapo mkono wa mwizi haufiki. Alikuwa amepima friji urefu, upana na kimo. Aliipima ikiwa imefungwa, kwa sababu kwa Zedekiah kitu kikiwa sawa huwa kimefungwa.

Kisha akaliona paa.

Gari la watalii, kwa asiyelijua, lina paa linaloinuka. Wakifika kwenye wanyama, dereva hufungua vifungio vya ndani, akalisukuma paa juu, na wageni husimama na kuchungulia pande zote wakiwa kivulini. Zedekiah alivishika vile vifungio, akavitikisa, akacheka.

"Hivi ni vifungio ama ni pipi?" aliniuliza. "Mwizi anaingia hapa kwa kijiko."

Akalitia paa bolti mbili za kwake, akazikaza, akaziponda. Hakuwa ameombwa. Ilikuwa zawadi.

"Na wageni wataonaje ndovu?" nilimwuliza.

"Si kuna madirisha?"

"Na twiga?"

"Twiga atainama."

Hapo ndipo tulipofika Ijumaa ile stima ilipopotea. Jioni Mbuthia alikuja na baba yake, Mzee Kimani, wakitoka soko la mbuzi la Kiamaiko. Walikuwa wameleta mbuzi wa kesho, ameshachinjwa na kukatwakatwa, isipokuwa bega la kulia. Mzee Kimani ni mtu wa maneno machache na kofia ya gharama. Alimwonyesha Benta lile bega zima.

"Hili lisiguswe na kisu," alisema. "Kesho Mbuthia ataliweka mkononi mwa Winny mbele yetu sote, iwe ishara kwamba amemchagua. Mbuzi huyu nimemchagua mwenyewe. Nimemwangalia meno."

Walipoondoka, Benta alisimama na nyama yote ile mbele ya friji yake ya jikoni, ambayo bila stima ilikuwa kabati tu.

"Unalia nini?" Zedekiah alimwambia kwa furaha. "Friji si iko? Tena nilikuwa natafuta kitu cha kuijaribia."

Friji ya Mbuthia ilikuwa bado barazani. Benta akaipanga nyama ndani vizuri, bega likawa juu kabisa. Zedekiah na mimi tukainyanyua, tukaiketisha juu ya sanduku lake. Akaunganisha nyaya, taa ya kijani ikawaka, ikaanza kunguruma taratibu. Akaikaza. Akajikunja kama samaki wa kopo kuingiza nyundo ndani ya sanduku, akaponda bolti zote, akafunga kifuniko cha sanduku na kukichomelea kwa macho tu, kwa kuwa stima haikuwepo. Alikifunga kwa bolti nyingine. Kisha akapangusa mikono na kusema maneno yake.

Jumamosi asubuhi nilisikia sauti ya Benta kutoka ndani ya gari.

"Baba Winny! Hii kitu haifunguki."

"Itafunguka. Sukuma."

"Nasukuma. Imegonga juu."

"Juu wapi?"

"Juu mbinguni. Kuja uone!"

Alienda, nami nikaenda. Mfuniko wa friji uliinuka vidole viwili, ukagota kwenye paa la gari, ukakataa. Hewa baridi ilitoka pale kama pumzi ya mtu anayecheka. Ndani, Benta alimulika tochi akaliona bega la mbuzi limetulia, karibu lakini mbali kama mwezi.

Walijaribu kwa mwiko. Walijaribu kwa koleo la makaa. Walinyoosha waya wa kuanikia nguo wakaupinda kama ndoana, na baada ya kuvua kwa muda mrefu Zedekiah akatoa figo moja. Kageha alikuwa ameshafika, kwa maana Kageha hufika.

"Figo moja kwa wakwe wote hao," alisema. "Si mbaya. Hata Yesu alianza na samaki wawili."

"Mama, nenda kwako," Zedekiah alisema.

"Niende nikafanye nini? Nikapike kwa gesi?"

Zedekiah alipendekeza waende Kiamaiko upesi wanunue mbuzi mwingine, nani angejua? Benta alikaa kwenye kiti cha watalii, akamwangalia.

"Mzee amemwangalia meno," alisema. "Bega amelishika kwa mkono wake. Leo nimpe mtoto wake bega la mbuzi mgeni alibebe mbele ya watu, kisha Winny aingie nyumba ya watu na uongo wa kwanza ukiwa wa mama yake? Mimi? Hapana."

Bolti za friji zilikuwa ndani ya sanduku la chuma, na bila stima mashine yake ya kukatia ilikuwa pambo kama mtungi wa Kageha. Jenereta ya kinyozi ilikuwa imekodiwa mazishini. Ilibaki njia moja tu. Paa likiinuka, mfuniko ungefunguka. Zile bolti mbili za paa zilikuwa wazi, zinafikiwa na msumeno wa mkono. Zedekiah alilijua hilo kabla yetu. Nilimwona akitazama juu, kisha akitazama viatu vyake.

"Zikate," Benta alisema.

"Mama Winny."

"Zikate, Baba Winny. Saa saba watu wanataka kula."

"Siwezi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukata bolti yangu. Mtaa mzima unajua. Kijana ananipa kazi ya kwanza, halafu anikute nakata kazi yangu? Ataniachia nini tena mkononi?"

"Yeye hakuachii kitu," Benta alisema. "Yeye ndiye anachukua. Mtoto wako."

Benta akashuka garini, akaenda kuweka maji ya chai.

Wageni walifika manyunyu yakiendelea. Mzee Kimani na kofia yake, Mbuthia na shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, shangazi wawili wanene wenye furaha, na nyanya yake Mbuthia, Shosho Lydiah, mwanamke mdogo sana aliyefunika magoti kwa shuka na kutazama kila kitu. Walikalishwa, wakapewa chai na mandazi. Wakapewa chai tena. Shangazi mmoja akasifu chai, akaongezewa. Winny, aliyejua yote, alikuwa akitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Nyumba haikuwa na harufu ya nyama. Nyumba ya Jericho si kubwa. Nyama ikiwa inapikwa, mgeni hujua. Mzee Kimani aliinua pua mara moja, akaishusha.

"Tuombe," Zedekiah akasema ghafla.

Akaomba. Aliwaombea wageni, barabara waliyopitia, viongozi, wagonjwa, wasafiri wa angani na wa majini. Aliombea transfoma kwa jina. Nilifumbua jicho moja nikaona Benta akimtazama na mwiko mkononi. Alipofika kwa wajane wa mataifa ya mbali akakosa wa kuombea tena, akasema amina, nasi tukafumbua macho.

Shosho Lydiah hakuwepo. Shuka lilikuwa kitini, mwenyewe hayupo. Zedekiah aliruka kama mtu aliyeona jiko la Krismasi likiondoka tena.

Walimkuta ndani ya Land Cruiser, kwenye kiti cha nyuma, mikono kwenye mapaja kama mtalii aliyelipa.

"Nimeshiba chai," alisema. "Mbuthia, kila mwaka unaniambia utanionyesha vile wazungu husimama. Inua hiyo kitu nisimame. Nikifa utamsimamisha nani?"

"Shosho, kunanyesha."

"Mimi ni sukari?"

Mbuthia akaingia, akafungua vifungio vyake, akasukuma paa. Halikwenda. Akasukuma tena kwa mabega. Kisha akaona zile bolti mbili zilizopondwa kama uyoga.

"Baba," alimwita Zedekiah kwa upole. "Hizi ni nini?"

Manyunyu yalisikika kwenye mabati.

"Mwambie," Benta alisema.

"Ni zawadi," Zedekiah alisema.

Mzee Kimani alikuwa amechungulia kwa mlango wa nyuma. Aliangalia paa, akaangalia friji, akajaribu mfuniko. Vidole viwili. Akainama akachungulia ndani, na kwa muda yeye na bega lake wakatazamana.

"Kwa hivyo," alisema polepole, "mbuzi wangu yuko jela."

"Na dhamana hana!" Kageha alisema kutoka mlangoni kwake.

Hakuna aliyecheka kwanza. Zedekiah alikuwa amesimama mvuani bila kofia, na nilimwonea huruma, maana uso wake ulikuwa wa yule mtoto wa mezani aliyefumbua macho akakuta jikoni hakuna kitu. Aliingia nyumbani akatoka na msumeno wa chuma.

"Mzee Kimani," alisema, "mimi husema nilichofunga atakifungua Yesu akirudi."

"Akirudi atanikuta nimekufa njaa," Shosho Lydiah alisema. "Kata."

Akakata. Hapo ndipo tulipojua ubora wa kazi yake. Msumeno ulilia, chuma kikang'aa kidogo, kikabaki pale pale. Zedekiah alikata mpaka jasho na mvua vikachanganyika, akampa Mbuthia. Mbuthia akakata mpaka shati likasahau pasi. Mwishowe Mzee Kimani akavua koti, akampa shangazi, akavua kofia, akaitazama, akampa shangazi wa pili, akapanda garini.

"Chuma hiki umekitoa wapi?" aliuliza huku akikata.

"Gikomba. Nilikichagua mwenyewe."

"Ulikiangalia meno?"

Zedekiah alicheka. Alicheka mpaka akashika kiti, na Mzee Kimani naye akaacha kukata akacheka, na shangazi wakaanza, na kutoka hapo walipokezana msumeno kama watu waliofahamiana tangu shuleni.

"Kazi ni nzuri," Mzee Kimani alisema bolti ya kwanza ilipokatika.

"Asante."

"Nimesema ni nzuri. Sijasema ilihitajika."

Ya pili ilipoanguka, Mbuthia alisukuma paa, nalo likainuka taratibu. Mfuniko wa friji ukafunguka wote. Nyama ilikuwa imeganda ngumu kama mawe ya ujenzi. Zedekiah aligonga paja la mbuzi kwa kidole, likalia kama ubao.

"Mmesikia?" aliita. "Jericho nzima haina stima, na hii imeganda hivi! Mmesikia?"

"Baba, friji iko sawa kabisa," Mbuthia alisema. "Ni ya kwanza nimeona ambayo hata mwenyewe hawezi kuiiba."

Wakati huo Shosho Lydiah alikuwa amepanda juu ya kiti. Kichwa chake kilitokeza chini ya paa, akashika chuma kwa mikono miwili, akaitazama Jericho: kamba za nguo, matangi ya maji, watoto waliokuja mbio na kulizunguka gari wakimpungia mkono.

"Shosho!" Kageha alimwita. "Umeona simba?"

"Bado. Naona kitu chenye mdomo mkubwa pale mlangoni. Ni kiboko?"

Kageha alijipiga paja. Alicheka akaingia ndani kutafuta mkaa zaidi, kwa maana jiko moja lisingetosha.

Mbuthia alimpa Winny lile bega mbele ya wote, kama ilivyopangwa. Lilikuwa baridi kiasi kwamba Winny alilipokea kwa sweta, meno yakigongana, na nusura aliangushe kwenye kiatu cha Mzee Kimani. Mzee alisema hiyo ni baraka. Nyama ilichukua muda kuyeyuka na muda kuiva, na watu walikula jioni ikiingia, wageni wakiwa bado hawajaondoka na hakuna aliyetaka waondoke. Benta alimpakulia kila mtu mwenyewe. Alipofika kwa mumewe alimwekea figo, ile moja.

Wakati wa kuagana Zedekiah alimwita Mbuthia kando.

"Stima ikirudi nilete mashine nikushushie ile friji. Niiweke chini ifunguke vizuri."

Mbuthia aliifikiria. "Iache, Baba. Mgeni akitaka soda, atangoja mpaka tuone twiga."

Jumapili, tarehe 16. Jua limetoka, matope yameanza kukauka pembeni, stima imerudi alfajiri. Zedekiah aliamka kabla ya kanisa. Hakuchukua mashine ya umeme. Alichukua msumeno ule ule wa mkono. Alikaa sakafuni nyuma ya mlango akakata bolti za cherehani, moja baada ya nyingine, kisha akaibeba mwenyewe hadi dirishani. Benta alitoka chumbani akiwa na gauni la kanisa, akakaa mbele yake, akapitisha uzi kwenye sindano bila tochi. Zedekiah aliizunguka cherehani, akatazama dirisha, akatazama nje kulia na kushoto, akashindwa kuvumilia, akaitia nati mbili za kukazwa kwa vidole tu.

Kisha akavuka uwanja na msumeno mkononi, akagonga kwa Kageha na kumwuliza kama ile gesi bado imeisha.